Mashine ya Kufulia Ndiyo Iliyochagua Ubao

Jiko lenyewe si kubwa: urefu wa mita 3.6, na upana wa mita 2.4 kutoka kwenye makabati ya kaunta hadi ukuta wa pili. Liko Tanga, katika nyumba ya chini, si mbali na bahari. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Alitaka sakafu yake ya sementi ifunikwe kwa mbao za mtiki, au msaji kama wazee wa pwani wanavyouita, na makabati yabaki palepale. Juu ya makabati hayo limelala jiwe la graniti, na kulinyanyua jiwe la namna hiyo ni kulitafutia ufa.

Mbao hazikuwa shida. Longuza, wilayani Muheza, kuna shamba kubwa la mitiki, na mbao zake si ngeni kwa maseremala wa Tanga. Shida ilikuwa kimo.

Baada ya salamu, fundi hakutoa futi kupima chumba. Alipiga magoti mbele ya mashine ya kufulia iliyoingizwa chini ya kaunta, akachungulia juu yake kwa tochi ya simu. Kisha akauliza: "Mama, siku mashine hii ikiharibika, tutaitolea wapi?"

Kwangu mimi kazi nzima imo ndani ya swali hilo. Kutoka sementi hadi chini ya jiwe palikuwa na milimita 868. Mashine, miguu yake ikiwa imekazwa hadi mwisho, ilisimama 850. Zilibaki 18. Mbao ambazo fundi hutandika siku zote ni za milimita 19. Weka na gundi milimita 2, unapata 21. Mashine haiingii tena.

Mafundi wengi wakifika hapo hukatisha mbao mbele ya mashine na kuiacha ikae juu ya sementi. Kwa macho, kazi inapendeza. Nilifanyiwa hivyo nyumbani kwangu, na nililipia. Mashine ilibaki imesimama ndani ya shimo: mbele imezuiwa na ukingo wa mbao, juu imezuiwa na kaunta, huwezi kuivuta wala kuinyanyua. Pampu ilipoanza kuvuja, maji yalituama humo chini na kunyonywa na ncha za mbao kwa siku nyingi kabla hatujaona kitu. Tulipogundua, mbao tatu zilikuwa zimevimba, na ilibidi zichongwe kwa patasi ndipo mashine itoke. Kwa hiyo nasema bila kusita: sakafu ya mbao ipite chini ya kila chombo kinachoweza kuhamishwa, yaani jokofu, jiko la gesi na mashine, hata kama hakuna atakayeiona.

Njia nyingine ilikuwa kuvua bamba la juu la mashine, maana zipo zinazoruhusu hivyo. Lakini bamba hilo ndilo linalokinga nyaya na maji, na mashine nyingi zinadai kipande maalumu cha kuziba mahali pake. Fundi aliacha. Akaamua mbao zipigwe randa hadi milimita 12. Kumi na mbili na gundi mbili ni 14. Ukitoa kwenye 868 zinabaki 854. Mashine ikapata milimita 4 za kupumua. Ubao mwembamba hivyo hautavumilia kusuguliwa upya mara nyingi kama ule wa 19, na mwenye nyumba aliambiwa mapema. Alikubali.

Ubao wa milimita 12 hauwezi kupigiliwa misumari kwenye sementi, kwa hiyo ulipaswa kugandishwa, na gundi haitaki unyevu. Kipande cha nailoni cha nusu mita kilibandikwa sakafuni kwa utepe pande zote nne, kikaachwa usiku kucha na mchana wake. Kilipobanduliwa hakikuwa na hata tone la jasho. Mbao nazo zilipangwa humo humo jikoni wiki mbili, vijiti katikati, zizoee hewa ya chumba zitakachoishi.

Mbao hazirefuki kwa kiasi cha kukusumbua. Zinapanuka kwa upana. Mtiki uliopasuliwa bapa hutanuka karibu milimita 2 katika kila mita, kwa kila asilimia moja ya unyevu unaoongezeka ndani yake. Kwa upana wa mita 2.4 hiyo ni karibu milimita 5, na masika ya Tanga yanaweza kuleta zaidi ya asilimia moja. Ndiyo maana ziliachwa milimita 12 kila upande, na gundi ikachaguliwa ile inayonyumbuka.

Upande wa ukuta, nafasi hiyo ilifunikwa na ubao wa pembeni. Upande wa makabati ndipo nilipoona ufundi. Makabati haya yana miguu, na mbele ya miguu kuna ubao wa chini, pale vidole vyako vinapoingia ukisimama kukata vitunguu. Fundi aliung'oa ubao huo, akapitisha sakafu sentimita 5 kuelekea ndani, akaikomesha kabla haijagusa miguu. Kisha akaupunguza kimo ubao uliong'olewa na kuurudisha juu ya mbao mpya. Nafasi ya kupumulia ikapotelea gizani, na kabati halikuikandamiza sakafu.

Kuna pembe moja isiyo na miguu. Kabati la sinki limejengwa juu ya matofali, hakuna pa kujificha. Hapo alikubali kuweka ukingo mwembamba wa mtiki, akaupigilia kwenye kabati, si kwenye sakafu. Ukingo ukifungwa sakafuni husafiri nayo na kuacha upenyo.

Kwenye fremu ya mlango hakukata ubao uzunguke mikunjo ya fremu. Alilaza kipande cha ubao huo huo sakafuni, akaweka kadibodi chini yake badala ya gundi, akaulaza msumeno bapa juu yake na kukata fremu kwa chini. Ubao uliteleza chini ya fremu kama barua chini ya mlango.

Mstari wa kwanza haukuanzia ukutani. Ukuta ulikuwa umepinda milimita 22 kutoka mwisho hadi mwisho. Kamba ilivutwa sambamba na kaunta, kwa sababu jicho la anayeingia hulinganisha mbao na ukingo wa jiwe. Kuanzia huko kulisaidia jambo lingine pia: chini ya makabati hakuna nafasi ya kurusha nyundo, kwa hiyo sehemu ya taabu ilitangulia, na mbao zikaja zikielekea kwenye uwazi. Mpindo wa ukuta ulimezwa na mstari wa mwisho, nyuma ya meza ya chakula.

Mtiki una mafuta yake ya asili. Kila ubao ulipanguswa kwa tina kabla ya gundi, na zile za chini ya mashine zilipakwa vanishi pande zote hata kwenye ncha, kabla ya kulazwa.

Mwezi Mei, mvua zikiwa zimekolea, nilirudi. Mwalimu aliung'oa mwenyewe ule ubao wa chini ya kabati, nikaingiza rula: milimita 12 zilikuwa zimebaki 9. Kisha akashika mashine kwa mikono miwili na kuivuta taratibu mpaka katikati ya jiko, akafagia nyuma yake, akairudisha.