Mita 58: Hesabu ya Likoni Inayoingoja Thwake

Jioni ya Septemba 29, 2019, gari lililobeba mama na bintiye liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni, Mombasa. Lilitolewa majini Oktoba 11, baada ya kupatikana sakafuni, mita 58 chini. Siku zote hizo Wakenya walisimama ufuoni na mbele ya televisheni wakiuliza mbona wapiga mbizi hawakai chini. Wapo waliosema ni woga. Hawakuwatendea haki. Kilichowarudisha juu ni hesabu, na hesabu hiyo sasa inawahusu wakazi wa Kitui na Makueni.

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 58, mwili hubeba karibu mara saba ya mgandamizo wa ufuoni, na kila pumzi humeza hewa kwa kiwango hicho hicho. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu atakaa nao saa mbili. Kule chini haufikishi dakika 18, kabla hata ya kutenga akiba ya kupandia. Nitrojeni nayo humlevya akili, na oksijeni hukaribia kiwango cha kuwa sumu.

Gharama kubwa zaidi ni ya kupanda. Nitrojeni huyeyuka ndani ya damu na misuli, na mpiga mbizi akipanda haraka hugeuka mapovu yanayoweza kumpooza au kumuua. Kwa kina hicho, majedwali ya kuzamia ya jeshi la wanamaji la Marekani humruhusu anayevuta hewa ya kawaida takriban dakika 5 tu, zikihesabiwa tangu aanze kushuka, kama anataka kupanda bila kusimama njiani. Akizidisha, lazima asimame kwa vituo, na kila dakika ya kazi huongeza deni. Likoni iliongeza mawili: mkondo mkali unaofuata maji kupwa na kujaa, na giza la matope.

Aliyelitazama deni hilo kwa jicho jipya ni George Bond, daktari wa jeshi hilo la wanamaji. Kuanzia 1957 alifanya majaribio, kwanza kwa wanyama, kisha kwa watu, akithibitisha kwamba mwili una kikomo. Wajenzi wa mabwawa ya mchanga ya Ukambani wanaijua kanuni yake: mchanga wa mto ukishashiba, maji yanayofuata hupita juu tu. Vivyo hivyo, baada ya takriban saa 24 kwenye kina kimoja, mwili hauongezi gesi tena. Muda wa kupanda unabaki ule ule, mtu akae siku moja au mwezi. Basi mweke chini, mpe nyumba, afanye kazi, na deni alilipe mara moja.

Septemba 1962 mpiga mbizi Robert Sténuit alikaa zaidi ya saa 24 kwenye mita 61 nje ya pwani ya Ufaransa, ndani ya silinda iliyobuniwa na mvumbuzi Edwin Link. Mwezi huo huo, karibu na Marseille, mpelelezi wa bahari Jacques Cousteau aliwaweka watu wawili kwa wiki moja kwenye mita 10. Mwaka 1963 alileta nyumba zake Sha'ab Rumi, Sudan, katika Bahari ya Shamu, ambako watu watano waliishi chini kwa mwezi. Julai 1964 wanajeshi wanne wa Marekani waliingia nyumba ya chini ya maji ya SEALAB I karibu na Bermuda, wakivuta mchanganyiko uliojaa heliamu badala ya nitrojeni. Walikaa siku 11 kwenye kina cha takriban mita 58, kile kile cha Likoni.

Baadaye kampuni za mafuta zilihamisha nyumba hiyo juu ya meli: wapiga mbizi huishi katika chumba chenye mgandamizo sawa na wa kule chini baharini, na kengele ya kuzamia huwashusha kazini na kuwarudisha. Ndivyo timu ya Norwei ilivyofungua mlango wa nyambizi ya Kirusi iliyozama, Kursk, mwaka 2000, mita 108 chini. Hata hivyo, njia hii hudai meli maalumu, heliamu nyingi na siku kadhaa za kupunguza mgandamizo. Tena hufaa pale kazi inapojulikana iliko. Likoni ilikuwa kwanza kazi ya kutafuta, na utafutaji ni wa sonari na kamera kabla ya kuwa wa binadamu.

Mito huleta kazi nyingine kabisa. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya lilisombwa na Mto Enziu, Mwingi, na watu zaidi ya 30 walikufa. Pale tatizo halikuwa kina. Lilikuwa nguvu ya maji, tope, na dakika chache za kumwokoa aliye hai. Nyumba nzima ya SEALAB isingesaidia. Aliyefaa ni mwogeleaji aliye karibu, mwenye kamba na boti. Anayechanganya kazi hizi mbili hununua vifaa visivyofaa popote.

Sasa kina chenyewe kinakuja Ukambani. Bwawa la Thwake, kwenye Mto Athi mpakani mwa Makueni na Kitui, limepangiwa ukuta wa takriban mita 80. Likijaa, maji karibu na ukuta yanaweza kupita kina cha Likoni. Milango na vichujio vitahitaji kukaguliwa, na ajali hazitangazi siku. Zaidi ya hayo, juu ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, kama ilivyo Thwake, majedwali huhitaji marekebisho, kwa kuwa mpiga mbizi huibukia kwenye hewa nyepesi na mapovu hupanuka zaidi. Hewa ikiwa asilimia 90 ya ile ya pwani, mita 50 huhesabiwa kama 55 au zaidi. Timu ya Mombasa ikija na majedwali ya bahari bila kuyasahihisha, itaumia.

Kwa hiyo naomba mambo manne kabla maji hayajajaa: roboti ya kukagua kina ili binadamu ashuke mwisho, chumba cha mgandamizo cha kumtibu atakayeumia, mafunzo ya kuzamia nyanda za juu, na vijana wa kandokando ya mito waliofundishwa uokoaji wa mafuriko. Nyumba ya chini ya maji hatuihitaji Thwake. Tunahitaji nidhamu ya Bond: kuujua ukomo wa mwili mapema, na kuandaa kila kitu kuuzunguka kabla mtu hajaingia majini.