Hekta Moja ya Udongo: Kariandusi na Somo la Bamburi

Kariandusi, karibu na Gilgil, inajulikana kwa mashoka ya mawe yaliyogunduliwa na msafara wa Louis Leakey mwishoni mwa miaka ya 1920. Jirani na hapo kuna machimbo ya diatomaiti, madini meupe na mepesi yaliyotokana na magamba ya vijimea vya ziwa la kale. Ukisimama ukingoni mwa shimo utaona tabaka jembamba la udongo lenye mizizi ya nyasi na leleshwa, chini yake majivu ya volkano, kisha weupe mtupu. Mchimbaji anautaka ule weupe. Anayepanga kuirejesha ardhi hana budi kuanza na lile tabaka la mizizi.

Thamani yake inaonekana Bamburi, Mombasa, mahali ambapo halikuwapo. Kuanzia 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alifanya kazi kwenye mwamba wa matumbawe uliobaki baada ya kiwanda cha saruji kuchimba. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizohimili ni tatu tu, mvinje ukiwamo. Bakteria walio mizizini mwa mvinje huupatia naitrojeni ya hewani, ndiyo maana ulikua pale pasipo na rutuba. Lakini majani yake yalirundikana chini bila kuoza, hadi walipoletwa majongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa udongo. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Ila ilichukua miaka kuumba kitu ambacho huko Kariandusi tingatinga linaweza kukikwangua na kukiweka kando kwa siku chache.

Tupige hesabu. Hekta moja ikikwanguliwa sentimita 20 hutoa meta za ujazo 2,000. Rundo likipita meta 2 kwenda juu, udongo wa ndani hukosa hewa na mbegu zilizomo huanza kufa. Rundo la meta 2 nalo linahitaji zaidi ya meta za mraba 1,000, kwa kuwa kingo zake ni za mteremko. Nafasi hiyo isipotengwa kwenye ramani kabla ya mitambo kufika, udongo utamwagwa pamoja na kifusi, na hapo hautenganishiki tena.

Mimi napendelea kutorundika kabisa. Machimbo yagawanywe vipande: udongo wa kipande kinachofunguliwa leo upelekwe moja kwa moja kutandazwa juu ya kile kilichomalizwa. Lori hubeba mzigo mara moja badala ya mbili, na mbegu hufika zikiwa hai. Kabla ya kutandaza, kuta zilazwe, meta 3 za mlalo kwa kila meta 1 ya kimo, na sakafu iliyoshindiliwa na malori itifuliwe. Mtaro wa kukinga maji uchimbwe upande wa juu, kwani udongo wa majivu huchimbika makorongo upesi, na Ziwa Elementaita, ardhioevu iliyo chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2005, liko bondeni.

Sheria ya Madini ya 2016 inadai mpango wa kurekebisha ardhi pamoja na dhamana ya fedha. Dhamana hiyo ingepimwa kwa meta za ujazo za udongo uliohifadhiwa, mkaguzi angeweza kuihakiki kwa futi kamba. Na ratiba ifuate mvua: kukwangua kufanywe Januari na Februari udongo ukiwa mkavu, kutandaza na kupanda nyasi kukamilike kabla ya masika ya Machi.