Rudisheni Karatasi Mbele ya Mtoto

Somo lile la mfano la Gredi ya 3 hapa Macalder liliharibiwa na amri ya maneno mawili: "Geuzeni karatasi." Mlioketi nyuma ya darasa mliisikia. Mengi ya somo lile yalikuwa kazi safi. Lakini amri hiyo, iliyotolewa sekunde chache kabla ya swali la kwanza la ufahamu, iligeuza somo la kusoma kuwa mtihani wa kumbukumbu. Kwa kifungu kinachohusu afya, hilo ni kosa ambalo siwezi kulitetea.

Tulirudie tukio hatua kwa hatua. Kifungu kilikuwa cha Kiingereza chepesi, kuhusu kutibu maji ya mto Kuja kwa dawa ya WaterGuard. Maji yakiwa maangavu, kizibo kimoja kwa mtungi wa lita 20. Yakiwa na matope, vizibo viwili. Kisha usubiri nusu saa ndipo unywe. Msichana aliyeitwa mbele alisoma vizuri kuliko wengi wa rika lake: hakukwama penye "cloudy", alishusha sauti penye nukta, na alimaliza kabla simu ya mwalimu iliyopima muda haijalia. Darasa likampigia makofi. Karatasi zikageuzwa. Mwalimu akauliza maji ya matope hutiwa vizibo vingapi, mtoto akajibu kimoja, akaambiwa amekosea na aketi. Mwenzake akanyanyua mkono, akasema viwili, somo likasonga.

Sasa tazameni mkono wa yule msichana wakati anaulizwa. Alikuwa ameshika pembe ya karatasi yake iliyogeuzwa, kidole kikiiinua kidogo kutoka mezani. Alijua jibu liko wapi. Alijua kwamba katika mstari wa tatu au wa nne kuna jambo linalohusu matope, na alitaka kulitazama tena kabla ya kujibu. Huyo ni msomaji. Msomaji si mtu anayebeba kila neno kichwani baada ya kulipitia mara moja. Ni mtu anayejua kurudi, kutafuta, kulinganisha mstari na mstari, kisha akasema kwa uhakika. Mtoto wa Gredi ya 3 aliyefikia hapo kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu, amefika mbali. Tukamzuia palepale alipokuwa anafanya jambo tunalodai tunamfundisha.

Tazameni pia jibu lenyewe. Kwa nini kimoja? Kwa sababu sentensi ya kwanza yenye idadi ilisema kimoja, na sentensi ya pili ilikuwa na sharti. Neno "if" lilikata maagizo sehemu mbili, na mtoto alishika sehemu ya kwanza tu. Hilo ndilo kosa lenye thamani kubwa kuliko yote yaliyotokea siku ile. Karatasi ikiwa juu, mwalimu angemwambia, "Nionyeshe mstari unaosema hivyo," mtoto angeweka kidole, angesoma sharti, angejisahihisha mwenyewe, na darasa zima lingeona namna neno dogo linavyobadilisha kipimo. Karatasi ikiwa imefunikwa, kilichobaki ni kubahatisha. Idadi za vizibo zilizotajwa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa imekataliwa tayari. Yule mtoto wa pili aliyepatia hakutuonyesha kwamba amesoma chochote.

Simlaumu mwalimu peke yake, maana kanuni hii hakuibuni yeye. Imetoka kwenye EGRA, kile kipimo cha usomaji wa madarasa ya chini kilichoandaliwa na shirika la RTI kuanzia 2006, kikaletwa Malindi 2007, kikatumika katika mradi wa PRIMR kuanzia 2011, kisha katika programu ya kusoma ya Tusome ilipotandazwa nchi nzima 2015. Mnakifahamu: kifungu cha maneno kama 60, sekunde 60, halafu karatasi inaondolewa mbele ya mtoto na maswali matano yanaulizwa, yale tu ya sehemu aliyoifikia. Nchi ikajiwekea viwango: maneno 65 sahihi kwa dakika kwa Kiingereza, 45 kwa Kiswahili.

Hoja iliyo nyuma ya kanuni hiyo naijua na naiheshimu. LaBerge na Samuels waliandika 1974 kwamba akili inayohangaika kutambua herufi haibaki na nafasi ya kuelewa. Helen Abadzi wa Benki ya Dunia akasisitiza kwamba mtoto anayesoma polepole mno husahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika mwisho. Ukiwa mtafiti mwenye sampuli ya maelfu ya watoto, unataka kila mmoja apimwe kwa namna ileile, na kuondoa karatasi kunakupa usawa huo. Kwa kazi hiyo, sawa.

Lakini kipimo cha mtafiti kilihama kikawa mtindo wa kufundishia. Nimelisema hili tangu siku vipima muda vilipoingia madarasani, na nitalisema tena. CSO, afisa wa kusaidia mtaala, alikuja na tableti, akawasikiliza watoto watatu, akahesabu maneno, akaondoka. Mwalimu akaona kinachohesabiwa, akaanza kukifanyia mazoezi kila siku. Leo tuna walimu wanaoamini kwa dhati kwamba ufahamu bila kufunika karatasi ni udanganyifu. Na wapi mtoto huyo atakutana tena na usomaji wa namna hiyo? KPSEA ya Gredi ya 6 humwachia kifungu mbele yake anapojibu maswali. KCPE, hadi ilipofanywa mara ya mwisho 2023, ilifanya hivyohivyo. Basi tunamfunza kwa miaka mitatu ustadi ambao hata mtihani wa taifa haumdai.

Nyumbani ndiyo kabisa. Chukueni pakiti ya AL, dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali katika vituo vya umma vya Kenya tangu 2006. Mtoto wa kilo 15 hadi chini ya 25 humeza vidonge viwili, mara sita, kwa siku tatu. Dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesoma maelezo hayo mara moja kwa kasi halafu akaitupa pakiti. Unasoma, unahesabu vidonge, unasoma tena, unaangalia saa ukutani, unarudi kwenye mstari. Chumvi ya kuongeza maji mwilini ni vilevile: kuna pakiti ya lita moja na kuna ya nusu lita, na anayekosea kipimo anampa mgonjwa wa kuhara maji yaliyokolea chumvi kupita kiasi au hafifu mno. Zinki huendelea siku 10 hadi 14, hata kuhara kukiisha. Maandishi ya afya yanadai kurudiwa. Ndiyo sababu yanafaa sana kufundishia kusoma, na ndiyo sababu amri ile ilikuwa mbaya zaidi hapa kuliko ambavyo ingekuwa kwenye hadithi ya sungura.

Hapa naingia kwenye ugomvi wangu wa zamani na orodha za msamiati. Ubaoni siku ile kulikuwa na maneno kumi, yote majina ya vitu: maji, ugonjwa, kliniki, dawa, daktari na mengine, kwa Kiingereza. Mtoto wa hapa Nyatike anayafahamu mengi ya maneno hayo kabla hajaingia darasani. Ameyasikia redioni, kliniki, kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kinachomwangusha ni viungo vya sentensi: "until", "unless", "before", "even if". Mama anapoona homa imeshuka siku ya pili na kutaka kuweka akiba vidonge vilivyobaki, neno linaloamua mtoto atapona ni "even if", wala si jina la ugonjwa. Maneno ya namna hiyo hayachoreki kwa picha wala hayafundishiki kwa orodha. Hufundishika ndani ya mstari, kidole kikiwa juu yake, kwa kuuliza: tukiliondoa neno hili, dawa itanywewa vipi? Ukifunika mstari, umelifunika na neno.

Na neno hilo lielezwe kwa Dholuo, lugha ya nyumbani, pale inapobidi. Kamati ya Gachathi ilishapendekeza mwaka 1976 lugha ya eneo itumike madarasa ya chini. PRIMR yenyewe ilijaribu Kikamba na Kilubukusu. Tusome ikachapisha Kiswahili na Kiingereza tu. Sharti linaloeleweka kwanza kwa Dholuo hushikika upesi kwa Kiingereza.

Waliotutangulia walijua kwamba msomaji hurudi kwenye maandishi. Mwaka 1978 Hugh Hawes na David Morley, kutoka taasisi za elimu na afya ya mtoto za Chuo Kikuu cha London, walianzisha mpango wa afya wa Child-to-Child, na baadaye Longman ikatoa vitabu vidogo vya Kiingereza chepesi, kama Dirty Water na Down with Fever. Njia ya Child-to-Child ilikuwa ya hatua sita: kulielewa tatizo, kutafuta zaidi, kujadili na kupanga, kutenda, kutathmini, kisha kufanya vizuri zaidi. Ukilitenda jambo nyumbani na kurudi shuleni kulijadili, lazima ukitazame tena kitabu. Kurudi kwenye maandishi kulikuwa ndani ya njia yenyewe, hakukuhitaji kuamriwa na mtu.

Jirani zetu walifanya kubwa zaidi, kwa Kiswahili. Mtu ni Afya, kampeni ya Tanzania ya 1973, iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kwa wiki kumi na mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Baada ya kipindi, kitabu kilisomwa kwa sauti, mjadala ukafuata, wanakikundi wakaamua la kufanya, na vyoo vikachimbwa. Wengi walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma. Kitabu hakikuondolewa mikononi mwao ili ijulikane kama wamekikariri; kilibaki pale kwa sababu mtu akibishana juu ya mbu au kichocho, ubishi huamuliwa na ukurasa. Huo ndio ufahamu. Sijaona programu ya kusoma ya miaka ya karibuni iliyoufikia.

Nisije nikamnyima mwalimu wa somo lile haki yake. Kifungu alikitunga mwenyewe kutokana na maelezo ya chupa, na alichagua maji katika kaunti iliyopigwa na kipindupindu mwaka 2015. Alisoma kwanza yeye, darasa likamfuata, na sauti za herufi alizifundisha barabara.

Na mada ya afya ina nafasi ya kutosha. Mtaala unaipitisha ndani ya Kiingereza kuanzia madarasa ya chini, na Gredi ya 7 ina mada za usafi na za elimu ya sayansi na afya. Ningependa tu iteremke zaidi hadi kwenye ardhi ya Macalder. Mgodi wa shaba na dhahabu ulifungwa 1966, lakini dhahabu bado inachimbwa, mawe bado yanasagwa, na zebaki bado inakamuliwa kwa mikono mitupu na kuchomwa. Kenya iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2023. Mtoto anayepita kando ya mashine za kusagia akienda shule anastahili kifungu cha mistari sita kuhusu vumbi na zebaki, chenye "never" na "unless" ndani yake.

Sasa dakika zile za maswali zilipaswa kwenda hivi. Mtoto amesoma, pimeni kasi kama mna lazima, andikeni namba, kisha wekeni simu mfukoni. Karatasi zibaki juu. Swali la kwanza liwe la kutafuta: mstari upi unazungumzia maji ya matope? La pili liwe la sharti: tukifuta neno "if", mtungi huu utatiwa vizibo vingapi? La tatu liwe la hali halisi: leo Kuja imejaa, umechota lita 40, utafanya nini, na ni mstari gani unaokuambia? Kila jibu liambatane na kidole juu ya karatasi. Anayekosea arudi kusoma, asiketishwe. Kumwondolea karatasi kabla ya maswali ni kumnyang'anya fundi futi kisha ukamlaumu kwa ubao uliokatwa vibaya.

Maafisa mnaokagua, tenganisheni mambo mawili mliyoyafunga pamoja: kasi ipimwe kwa saa, ufahamu upimwe kwa maandishi yaliyo mbele ya mtoto. Fomu ya ziara iwe na safu moja tu ya nyongeza: je, mwanafunzi aliweza kuonyesha mstari unaothibitisha jibu lake? Safu hiyo ikiingia, walimu wataifundishia, kama walivyofundishia maneno 65. Nanyi walimu wenzangu wa Nyatike, msingoje fomu. Muhula ujao leteni darasani chupa tupu, pakiti tupu na makaratasi yaliyokunjwa ndani ya dawa, muwagawie watoto, na mpige marufuku amri ya kugeuza karatasi katika kila somo la ufahamu.