Godauni la Dunga Road: wapangaji kwanza, watazamaji baadaye

Mwaka 2003 Joy Mboya, ambaye Wakenya wengi walikwisha kumsikia akiimba katika kundi la Musically Speaking, alifungua pamoja na wenzake GoDown Arts Centre ndani ya godauni kuukuu lililowahi kuwa gereji. Lilikuwa Dunga Road, Industrial Area, Nairobi. Mfanyabiashara wa burudani angecheka: viwanda vikifungwa jioni, kule hubaki malori na askari wa lango.

Lakini hesabu ya kituo haikuanzia kwa wanunuzi wa tiketi. Ilianzia kwa wapangaji. Kuona Trust, iliyoanza 1995 ndani ya Makumbusho ya Taifa, ilihamia hapo na wachoraji na wachongaji wake. Wacheza dansi wakapata sakafu ya mazoezi. Baadaye ikaja Ketebul Music ya Tabu Osusa, na mwaka 2008 ikatoa Retracing the Benga Rhythm, kuhusu muziki wa benga: santuri, filamu na kijitabu katika kifurushi kimoja. Kazi ya namna hiyo hutaka fundi mitambo, mpiga picha, mwandishi na msanifu wa kurasa, na kwenye ua wa pamoja watu hao unawapata wakinywa chai.

Hapo ndipo penye ufundi. Mtazamaji huja Jumamosi, akipenda. Mwenye chumba huja Jumanne asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, kwa sababu vifaa vyake viko ndani. Ni kweli anayegonga chuma na anayerekodi sauti hawawezi kuishi ukuta kwa ukuta bila kuzozania saa za kazi. Kwangu hilo si hasara. Waliozozana wakaelewana hawahitaji warsha ya kujenga umoja.

Fedha za wafadhili, Ford Foundation ikiwemo, zilisaidia. Ila mfadhili hupenda tamasha lenye bango. Bili ya maji na mshahara wa askari ni habari nyingine, na vituo vingi vya sanaa hufia hapo.

Udhaifu wa mpango wa wapangaji ni kwamba huweza kuzaa klabu ya wasanii wanaojuana, huku wafanyakazi wa viwandani wakipita nje kwa miguu kurudi mtaa wa Mukuru bila kujua kilichomo. Jibu la GoDown lilikuja 2013 kwa tamasha la Nai Ni Who?, ambalo halikungoja watu waingie langoni. Wakazi wa mitaa ndio walioamua nini cha kuonyesha kwao, wakaongoza matembezi wenyewe. Kituo kikaratibu na kutangaza. Tofauti ni kubwa. Mgeni wa Eastleigh anaongozwa na mtu anayejua duka lipi lilikuwa la nani, wala si msanii aliyetumwa kuufasiri mtaa wa wenzake.

Mpango wenyewe ulikwisha kupita mtihani mmoja: Kuona ilihamia mtaa wa Hurlingham kabla ya tamasha hilo, na kituo hakikuanguka. Mtihani mgumu zaidi ni jengo jipya la kituo, lililochorwa kwa ushirikiano na wasanifu wa Sweden, White Arkitekter. Godauni kuukuu lilivumilia rangi sakafuni na cheche za kuchomelea. Jengo la kisasa lina lifti, bima na gharama za kuliendesha, na gharama hizo hutafuta mpangaji mwenye mshahara. Picha za ukumbi mkuu hazinishughulishi sana. Ningeomba kwanza kuona orodha ya kodi za vyumba vidogo.