Kurasa Nne Nyeupe

Fundi akipokea kitabu hasomi jina lake kwanza. Hukishika kwa mgongo, akakiachia kifunguke chenyewe. Kitabu hufunguka pale kilipozoea kufunguliwa, na hapo ndipo yeye huanzia kazi. Nilimwona akifanya hivyo Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza, ambako alikuwa ameegemeza meza yake kwenye ukuta wa nyumba kuukuu, kati ya muuza mitumba na mama wa karanga. Kiswahili kinaiita kazi yake kujalidi, naye ni mjalidi, ila pale mtaani hakuna aliyemwita hivyo. Walimwita fundi vitabu.

Vifaa vyake vilienea katika kopo moja la maziwa ya unga: sindano mbili, uzi, kipande cha mshumaa cha kuupaka uzi nta, mkasi, wembe. Gundi alichemsha mwenyewe nyumbani, uji mzito wa unga wa muhogo aliotia shabu kidogo usivunde. Na mawe mawili. Mwanza mawe hayanunuliwi, ila yale aliyachagua ufukweni, bapa, yaliyolainishwa na maji ya ziwa kwa miaka asiyoijua mtu. Kitabu kikishashonwa na kutiwa gundi hulala chini ya jiwe usiku kucha, na ukikifuata kabla ya asubuhi fundi anakurudisha bila kukuomba radhi.

Nilimpelekea Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Kilikuwa cha baba.

Niseme kilivyokuwa cha baba, maana kilianza kikiwa changu. Nilikuwa kidato cha pili, na kitabu hicho kilizunguka darasani kikiwa kimevalishwa karatasi ya kaki, kimeandikwa juu kwa herufi kubwa: JIOGRAFIA. Wakati huo hakikuwa tena marufuku. Serikali ilikwisha kukizuia shuleni, ikaja kukiruhusu, hata kikafundishwa. Lakini nyumbani kwetu marufuku haikuwa imeondolewa, kwa sababu hakuna aliyeitangaza. Nilikificha chini ya godoro. Siku moja nikarudi kutoka shule, godoro limetandikwa vizuri kuliko nilivyoliacha, na kitabu hakipo.

Nikasubiri fimbo. Baba alikuwa mtu wa kiwandani, zamu ya usiku, maneno machache. Alikula ugali wake na sato, akanawa, akaulizia matokeo ya hesabu, akaondoka. Kesho yake vilevile. Wiki ya pili niliacha kusubiri, na hapo ndipo ilipozidi kuwa mbaya, kwani kipigo kinachokuja kina mwisho, na kile kisichokuja hakina. Wiki ya tatu mama alinituma nitoe koti la baba likaanikwe juani. Mfukoni mlikuwa na kitabu. Ndani yake, kama alama, tiketi ya meli ya Nansio. Alikuwa amekwenda Ukerewe kwenye msiba, na safari nzima, saa zile zote majini, alikuwa akisoma habari za Zakaria na binti yake Rosa.

Nililirudisha koti kambani na kitabu nikakiacha mfukoni. Hatukukizungumza siku ile, wala baadaye. Baba amekufa hatujakizungumza.

Kwa miaka mingi nilihesabu kimya kile kuwa heshima. Nilikisimulia kwa marafiki kama kisa kizuri: baba asiyepiga, baba aliyesoma. Siku hizi sina hakika tena.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na riwaya hii yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1971 alikuwa kijana tu. Waliomlaumu walitazama vitanda vilivyomo kitabuni. Mimi naona kazi kubwa ameifanya kabla ya vitanda, kule mwanzoni, pale Zakaria anapoikamata barua ya kijana aliyempenda Rosa na kumpiga binti kipigo cha kuua. Mwandishi goigoi angetupa hapo hotuba juu ya malezi. Kezilahabi hakutoa hotuba. Anaandika sentensi fupi, kavu, kama mtu anayepigilia misumari ya mtumbwi, na anatuachia tuone wenyewe binti anajifunza nini siku ile. Rosa hajifunzi adabu. Anajifunza kuficha vizuri zaidi. Kutoka hapo kila hatua inafuata: shule ya mbali, uhuru usio na mtu wa kuulizwa, aibu juu ya aibu, mpaka mwisho wake ambao aliyesoma hausahau. Ukirudi nyuma kutafuta uongo wa kwanza ulizaliwa wapi, unaukuta mkononi mwa baba, pamoja na fimbo.

Tena hakumfanya Zakaria kuwa shetani. Ni mlevi, ni mkali, anampiga na mkewe Regina, ila ni mtu tunayemjua. Ukipita mwaloni Kirumba jioni utakutana naye mara tatu. Anadhani kumlinda mtoto ni kumfungia. Huo ndio ufundi ninaousifu: kumwandika mzazi mwenye kosa bila kumwondolea uzazi wake.

Kisiwa kilekile cha Ukerewe kilikuwa kimekwisha kutoa fundi mwingine. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kwa mkono, kwa Kikerewe, mwaka 1945, riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Alikuja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 karatasi zile zilingoja, na mimi nikiona mende wanavyomaliza daftari la mwaka mmoja hushangaa zilivyosalimika.

Msomaji wa leo hulalamika kwamba Kitereza ana maneno mengi. Ni kweli. Watu wakikutana njiani wanasalimiana mpaka salamu ziishe. Wakwe wanamchukua binti yao kwa kuwa ndoa haina mtoto, na mume anakwenda kumfuata, na kesi inasemwa mbele ya wazee, neno kwa neno, mpaka anatozwa pombe ya ndizi. Hakuna kinachopitishwa chini ya godoro. Baba mkwe akiwa na kinyongo, anakisema. Mkwe akiwa na aibu, anaisema pia, na inapokelewa. Zamani nilidhani wingi wa maneno ni udhaifu wa mwandishi asiyejua kukata. Sasa naona yale maneno ndiyo kamba zenyewe zilizoifunga nyumba. Soma Kitereza, kisha Kezilahabi, kisiwa kimoja na ziwa moja, utaona mazungumzo yamekauka katikati. Kwa Myombekere watu huongea mpaka waaminiane. Kwa Zakaria neno limebaki la kuamrisha.

Turudi Makoroboi. Fundi aliachia kitabu cha baba kifunguke, kikafunguka karibu na katikati, akakisogeza machoni.

“Hapa pamekatwa,” akasema.

Nikamwambia kurasa zimechomoka kwa uchakavu. Akatikisa kichwa, akanionyesha. Palibaki vipapi viwili vyembamba kando ya mgongo, vimenyooka kama vimepigwa rula. “Uchakavu hauna mkono mtulivu hivi, mwanangu. Huu ni wembe.” Karatasi mbili, yaani kurasa nne. Nilizijua ni zipi. Kila mwanafunzi wa zama zetu alizijua kwa namba.

Kisha akanieleza jambo ambalo fundi wa vitabu analijua na sisi wasomaji hatulijui. Katika kitabu cha kushona, karatasi hukaa mbili mbili, zimeshikana chini ya uzi. Ukikata ya upande huu, mwenzake wa upande wa pili hulegea. Haina kosa, haikuguswa na wembe, ila baada ya muda nayo hudondoka.

Usiku ule nilimpigia simu dada yangu mdogo, yuko Geita. Nikamuuliza kama amewahi kukiona kitabu cha baba. Akacheka. “Alinipa mwenyewe nisome, nilipokuwa kidato cha tatu. Akaniambia, kisome mwanangu, kina mafunzo.” Nikamuuliza habari za kurasa. “Nilijua zimekatwa. Nikaenda kuzisoma kwa rafiki yangu, Igogo.”

Basi baba alijaribu. Mimi alininyang'anya kitabu kwa kimya, miaka michache baadaye akampa binti yake kitabu kilekile kwa mkono wake. Kwa mtu wa umri wake, wa zamu ya usiku na maneno machache, hiyo ilikuwa safari ndefu kuliko ya Nansio. Ila alipitia kwanza kwenye wembe. Alimwamini mwanawe kwa kitabu kizima kasoro kurasa nne, na binti akaenda Igogo kuzitafuta hizo nne tu.

Nilirudi kwa fundi nikiwa nimetoa kopi za zile kurasa kutoka nakala nyingine. Nikamwomba azishone mahali pake. Akazipokea, akazipima, akaziweka kando. Anaweza, alisema, na mtu asijue. Ila yeye angependa kutia karatasi nyeupe, mbili, na hizo kopi nizihifadhi katika bahasha mwishoni mwa kitabu. Nikamuuliza kwa nini. “Nikikuwekea hizi, baada ya miaka mitano utasahau kama palikatwa.”

Nimekutana na mafundi wengi wenye uwezo wa kuficha ufa. Anayeziba gari lililogongwa, anayepaka rangi nyumba iliyopasuka kabla mnunuzi hajafika. Huyu ni wa kwanza kuniomba ruhusa ya kuuacha ufa uonekane. Nikakubali. Alishona kwa uzi mweupe wenye nta, polepole, huku akiulamba mwisho wa uzi kabla ya kuupenyeza, na kila alipokaza fundo alilipima kwa kidole gumba. Jalada alilitengeneza kwa boksi gumu, akalivalisha kitambaa cha rangi ya kijivu. Asubuhi nilipokitoa chini ya jiwe kilikuwa kimenyooka, na nilipokiachia kifunguke kilifunguka palepale, kwenye weupe.

Leo mwanafunzi hahitaji kuficha riwaya. Haisomi. Ananunua uchambuzi wenye kurasa chache, umeorodhesha dhamira, wahusika na mbinu za kisanaa, anakariri kwamba “malezi mabaya” ni dhamira mojawapo, anafaulu. Zakaria kwake ni jibu la swali la nne, kipengele (b). Hajawahi kuketi naye usiku mzima kwa mwanga wa koroboi akamwona baba yake mwenyewe ndani yake. Nasi wazazi tumehamisha wembe wetu kwenye simu: tunapekua, tunaweka namba za siri, tunafuta, kisha tunawaambia watoto kwamba tunawaamini. Ya godoro angalau mtoto aliyajua yako wapi.

Mzee Kezilahabi alifariki Januari 2020. Kitabu cha baba kiko sebuleni kwangu, rafu ya chini, anapofikia binti yangu. Bahasha imo.

Mwaka jana nilirudi Makoroboi na Kichwamaji, riwaya nyingine ya Kezilahabi, iliyochanika mgongo. Meza ilikuwepo, fundi hakuwepo. Kijana aliyekaa pale anauza kava za simu. Nilimuuliza mzee amekwenda wapi, akasema yeye amepakuta patupu. Mawe mawili bado yalikuwa chini ya ukuta, yamepandwa na vumbi. Nilimuuliza kama ni yake. Akasema hapana, chukua tu.