Hewa Nayo Ina Uzito

Injini ya mipigo minne huelezwa hivi: pistoni ikishuka, vali ya kuingiza hewa hufunguka, ikifika chini hufungwa, ikipanda kusukuma moshi, vali ya ekzosi hufunguka, ikifika juu hufungwa. Ni rahisi kukumbuka, lakini injini iliyoundwa hivyo ingeishiwa pumzi mapema. Kwa mizunguko 6000 kwa dakika, pistoni hushuka kwa muda wa sehemu moja ya 200 ya sekunde. Hewa ina uzito. Haishiki kasi mara moja, na ikishaishika haisimami ghafla. Ndiyo maana vali ya kuingiza huachwa wazi hata pistoni inapoanza kupanda, ili hewa iliyo mbioni kwenye manifoldi izidi kujisindilia ndani. Ya ekzosi hufunguliwa kabla pistoni haijafika chini, moshi ufoke kwa shinikizo lake wenyewe, na hufungwa ile nyingine ikiwa imeshaanza kufunguka. Kwa kitambo hicho zote mbili zi wazi, na moshi unaokimbia huvuta hewa mpya nyuma yake. Kutoa moshi, basi, ni sehemu ya kuvuta pumzi.

Mtu atauliza: mbona vali zisiachwe wazi muda mrefu siku zote? Kwa sababu injini ikienda taratibu hewa haina kasi hiyo. Pistoni ikipanda huirudisha ilikotoka, na injini hutetemeka na kukosa nguvu. Honda walilijibu swali hili vizuri sana mwaka 1989 kwa mfumo wa VTEC wa gari la Integra. Kila jozi ya vali ilipewa kemu tatu za kuisukuma: mbili za pembeni kwa mwendo wa chini, na ya kati, ndefu zaidi, kwa mwendo wa juu. Injini ikipandisha mizunguko, shinikizo la oili husukuma pini zinazofunga pamoja mikono yote mitatu inayosukumwa na kemu hizo, vali zikaifuata kemu ya kati. Lita 1.6, bila tabo, zikatoa nguvu farasi 160.

Moshi kuvuta hewa kunawahusu pia wanaokata ekzosi ya gari ili lipate nguvu. Wana hoja: bomba jembamba kweli hulibana gari. Ila anayeng'oa kila kitu hadi kwenye manifoldi ya ekzosi huondoa pia urefu wa mabomba uliopimwa ili wimbi la moshi wa silinda moja lirudi kama mvuto wakati vali zote mbili zi wazi. Mlio huongezeka, huku hewa inayoingia ikiweza kupungua.