Kizibo cha Sikio Hakinyamazishi Jiji

Kila kifaa cha kuvaliwa kinachouzwa kwa ahadi ya utulivu ni hadithi, na hadithi huhakikiwa. Mhusika wake ni mtu ambaye milango yake ya fahamu huzidiwa: taa inamchoma, lebo ya shati inamkwaruza shingo, sauti kumi zinaingia pamoja na hakuna hata moja inayongoja zamu yake. Wengi wa wahusika hawa wana usonji. Wengine, kama mimi, hawajawahi kupewa jina lolote na daktari; wanajua tu kwamba ikifika saa kumi na moja jioni pale Tom Mboya, kichwa kimejaa. Swali langu la uhakiki ni moja: katika hadithi hii, nani ameshika mkono wa mashine?

Namfikiria Temple Grandin wa Marekani. Akiwa kijana, kwenye shamba la shangazi yake kule Arizona, aliona ng'ombe wakibanwa kati ya kuta mbili ili wachanjwe, na baadhi yao wakatulia. Akiwa na miaka 18 akajijengea mashine yake: mbao mbili zilizofunikwa kwa sponji na mkono wa kuongeza au kupunguza mbano. Alikuwa na usonji, na kukumbatiwa na watu kulimzidi. Watu hukumbatia wanavyotaka wao. Mashine ilibana alivyotaka yeye. Haikuwa ya kuvaliwa, ila fulana za kubana na zile nzito zinazouzwa leo hutegemea wazo lilo hilo. Kwangu, ndiyo kazi bora zaidi katika aina hii, kwa sababu mwenye shida ndiye aliyekuwa fundi.

Sasa tazama hedifoni za kufuta kelele. Amar Bose alipata wazo lake mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege, na mwaka 1989 kampuni yake ikatoa hedifoni za marubani. Kazi yake ni hivi: maikrofoni inasikia sauti ya nje, kifaa kinatoa wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yanafutana. Hufanya kazi vizuri zaidi kwa sauti nzito isiyobadilika, kama injini. Haya, panda nayo nganya ya Rongai. Mngurumo utapungua, kweli. Lakini honi, mluzi wa makanga na kofi lake kwenye bodi ya gari vinapenya, na sasa vinasikika peke yake, vimenyooka kama sindano. Hadithi hii iliandikiwa abiria wa ndege. Isitoshe, ukiziba masikio kabisa, hutasikia bodaboda inayokuja nyuma yako. Nairobi, kusikia ni ulinzi.

Halafu kuna bangili. Rosalind Picard na wenzake wa MIT walitengeneza bangili inayopima jinsi ngozi inavyopitisha umeme, dalili kwamba mwili umechachawa hata kama uso umetulia. Kwa mtoto asiyeongea, hiyo inaweza kuwa sauti yake, na siibezi. Lakini nambari hiyo inasomwa kwenye simu ya nani? Ikienda kwa mwalimu au bosi, aliyekuwa akiumia anageuka kuwa anayechungwa. Nambari ikipanda, mtoto anatolewa darasani. Kelele inabaki pale pale.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Vifaa hivi vinachukua tatizo la umma na kulipachika kwenye mwili wa mtu mmoja, kisha vinamtumia bili. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009. Kanuni iko kwenye karatasi, spika iko mlangoni mwa duka. Mwenye pesa ananunua ukimya. Asiye nazo anaambiwa azoee.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema tuvitupe. Jiji halitanyamaza kesho, na mtu lazima afike nyumbani leo. Ninachodai ni usanifu mwingine: kitufe ambacho kidole gumba kinakipata bila macho kutafuta skrini, kifaa kinachopunguza sauti bila kuziba kila kitu, data isiyotoka kwenye bangili mpaka mwenyewe aseme, kitambaa kisicho na lebo, bei ambayo mtu wa kibarua anaweza kuifikiria. Na wanaozidiwa wawe mezani tangu mchoro wa kwanza, si kuitwa mwishoni kujaribu kitu kilichokwisha kuamuliwa.

Mwaka 2010 Grandin alisema kwamba mashine yake ilikuwa imeharibika na hakujisumbua kuitengeneza, kwa kuwa sasa alikuwa akikumbatiana na watu. Wengine wataisoma kama hadithi ya kupona. Mimi naona mtu aliyeamua mwenyewe lini aitumie mashine yake na lini aiache. Bangili gani ya leo inamruhusu mtoto hivyo?